Wanataka kubadili jina la shule yetu kwa sababu "ni la kishamba". Hebu kwanza tuyasome majina ya shule za Arusha na Moshi

Mwana wa Themi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha wazazi wa shule moja ya msingi hapa Arusha. Siitaji, maana mwalimu mkuu ni mtu mwema na humu ndani hamkosi wambea. Ajenda zilikuwa uji, madawati na choo cha wavulana. Zikaisha salama. Tulipofika kwenye mengineyo akasimama baba mmoja, koti limenyooshwa vizuri, akasema shule yetu haina mvuto kwa sababu ya jina. Jina lenyewe ni la Kimaasai, la kijito kilichokuwa kinapita pale kabla watu hawajajaza nyumba. "Ni la kishamba," akasema. "Mtoto akilitaja Dar wanamwomba arudie mara tatu." Pendekezo lake ni jina la Kizungu lenye kilima na kijani ndani yake. Pale tulipo ni bondeni, na kuanzia Julai ni vumbi tupu.

Makofi yakapigwa! Nikanyoosha mkono, mwenyekiti akasema muda umekwisha, tutaendelea kikao kijacho. Kwa hiyo povu langu nalimwaga hapa.

Hoja yangu ni moja. Majina mengi ya shule za huku kwetu ni majina ya mahali, na jina la mahali huwa limebeba jambo ambalo mwalimu wa historia hana kipindi cha kulifundisha. Ukilifuta bila kuuliza lilikuwa linashika nini, umechoma faili ambalo hukulisoma.

Chukueni Ngarenaro. Sote tunapita pale kila siku, daladala, vurugu, chipsi mayai. Ni Kimaasai, engare narok, maji meusi. Mtu aliyelitaja hivyo mara ya kwanza alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe walikuwa na kiu, na mahali hapa alipajua kwa rangi ya maji yake. Mji wote uliokuja baadaye, Boma la Wajerumani la mwaka 1900 na benki na stendi, umejengwa juu ya jina la mchungaji.

Sasa pandeni juu mpaka Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Kuna sekondari pale yenye jina hilo hilo. Maana yake maji mekundu. Mtoto anavaa sweta lenye jina hilo miaka minne, anafanya mtihani, anaondoka. Nimewauliza vijana watatu waliosoma kule kama wanajua nini kilitokea mahali hapo mwaka 1951. Mmoja tu alikuwa na habari, naye aliipata kwa babu yake.

Kilichotokea ni hiki. Serikali ya Mwingereza iliamua eneo lile la Engare Nanyuki liwe la walowezi wa Kizungu wafugaji, na Wameru wahamishwe. Sehemu ya mashamba yale Wameru walikuwa wameyanunua kwa fedha zao wenyewe. Novemba 1951 wakaja askari, nyumba zikachomwa, watu wapatao 3,000 wakaondolewa na mifugo yao. Wameru hawakuchukua mikuki. Walichanga fedha. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, si koloni la kawaida, ilikuwapo njia ya kumshtaki Mwingereza kwa wakubwa wake, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Miaka miwili kabla TANU haijazaliwa, mwana wa Meru amesimama New York anadai ardhi!

Ardhi haikurudi kwa hotuba ile. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia, na watu wakaanza kuelewa kwamba Mwingereza naye ana pa kuulizwa.

Haya yote yamo ndani ya neno moja lililoandikwa kwenye kibao cha shule. Sasa kesho aje mtu mwenye koti aseme hilo nalo ni la kishamba.

Halafu kuna kinyume chake. Arusha School pale mjini, iliyofunguliwa 1934, ilikuwa bweni la watoto wa Kizungu. Imebeba jina la mji mzima na wenye mji hawakuruhusiwa kuingia, mpaka shule za kugawanywa kwa rangi zilipofutwa baada ya Uhuru. Huwa nalifikiria hilo kila nikipita pale. Jina pana kuliko yote walipewa watoto wachache kuliko wote.

Na Moshi je? Old Moshi ni nini? Mpya iko wapi? Nawaachia wa Moshi wenyewe. Tiririkeni.

---

chalii ya Sakina

Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Ila mkuu umesahau kutuambia meno. Mtu wa Ngarenanyuki humuulizi katoka wapi, akicheka tu umeshajua. Hiyo floraidi ndiyo nembo halisi ya shule.

---

Kahawa Mbichi

Shimbonyi wakuu. Umeita Moshi, nimeitika.

Old Moshi ni hivi. Moshi ya kwanza iko juu, mlimani, kwenye migomba. Ndiko alikokuwa Mangi Rindi, ambaye wazungu walimwita Mandara, na baada yake mwanawe Meli. Wajerumani boma lao walilijenga huko huko juu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika kule chini tambarare mwaka 1911, garimoshi haliwezi kupanda mgomba, kwa hiyo ofisi zikashuka kulifuata. Zikashuka na jina. Kituo kikawa Moshi, mji ukawa Moshi, na Moshi yenyewe iliyozaa jina ikaambiwa wewe sasa ni ya zamani. Yaani mtu anakuja kwako, anachukua jina lako analivaa, halafu anakupachika kivumishi.

Ajabu ni kwamba kivumishi kimeganda kwa Kiingereza. Bibi yangu alikuwa hajui neno la Kiingereza hata moja zaidi ya hilo. Alisema "Old Moshi" kama alivyosema mtori. Leo kuna kata ya Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi, Kiswahili na Kiingereza vimekaa kitanda kimoja wala hakuna anayeshangaa. Na sekondari ya Old Moshi ilichukua jina hilo tangu enzi za Mwingereza, ikasomesha wakubwa wengi wa nchi hii, kiasi kwamba ukisema "nimesoma Old Moshi" mtu wa Mtwara anajua ni shule na hajui kama kuna mahali.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wewe nusu. Jina linaweza kuhifadhi, linaweza pia kufunika. Kwa sababu Old Moshi ndiko Meli alikowapiga Wajerumani mwaka 1892, wakaondoka, wakarudi mwaka uliofuata na nguvu kubwa zaidi. Ndiko walikomnyonga mtini tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake kutoka sehemu mbalimbali za mlima, akiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Inaaminika kichwa chake walikikata wakakipeleka Ujerumani, na familia imekitafuta mpaka kwenye makumbusho za Berlin. Sasa niambie, katika watu kumi wanaojua jina la shule, wangapi wanajua habari ya ule mti?

Na tukiwa kwenye majina: mangi alikuwa mtawala, mwenye jeshi, mwenye kugawa vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya migomba. Leo nenda Sinza au Mbagala, "mangi" ni jamaa anayeuza vocha na mkate nusu. "Niletee chumvi hapo kwa Mangi." Siyo tusi, hata mimi nina duka. Lakini huwa nacheka peke yangu.

---

Dawa Chungu

Nyote mnaandika vizuri, hongereni. Sasa ngoja niwe mbaya.

Jina halifaulishi mtihani. Huyo baba wa koti ana mtoto, anataka mtoto wake asichekwe, basi. Nyie mnamwambia abebe historia ya Wameru mgongoni mtoto wa darasa la tatu ambaye hata dawati hana. Mmesema wenyewe ajenda zilikuwa madawati na choo.

La pili, kubadili majina si dhambi, ndiyo historia yenyewe. Kilele cha Kibo kiliitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm, alilibandika Hans Meyer mwaka 1889 alipofika juu. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Nyirenda akapandisha mwenge na bendera, na kilele kikawa Uhuru. Kuna anayelia hapa? Kuna anayesema tumechoma faili la Mjerumani? Hata hizo shule za Azimio, Mwenge, Muungano na Jamhuri zilizojaa kila mji zimebatizwa na watu walioona jina jipya ni sehemu ya kuijenga nchi. Arusha ndiyo yenye Azimio lenyewe, 1967. Mbona hamsemi waliua majina ya vijito?

---

Binti wa Assumpta

Mimi nimejipa jina hili humu kwa sababu ya mama yangu, na nimekuja kumjibu Dawa Chungu, ingawa nakiri ana hoja.

Mama alianza sekondari Assumpta, shule ya wasichana ya Kanisa Katoliki pale Moshi. Serikali ilipochukua shule za madhehebu baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, Assumpta ikawa Weruweru. Wakati huo huo nchi nzima zilikuwa zinabadilishwa. Marian ya Morogoro ikawa Kilakala, ya Aga Khan pale Dar ikawa Tambaza, St. Joseph's Convent ikawa Forodhani, St. Francis ya Pugu aliyofundisha Mwalimu ikabaki Pugu tu.

Angalieni walichofanya. Hawakubandika jina la kiongozi, na wangeweza, ilikuwa miaka ya TANU. Walishuka chini wakachukua jina la mahali. Weruweru ni mto, unaukuta barabara ya Arusha ukitoka mjini Moshi. Ulikuwapo kabla ya masista na utakuwapo baada yetu, Mungu akipenda na watu wakiacha kulima kingo.

Mama anasema mwanzoni walinung'unika. Assumpta lilikuwa jina la heshima, ukilitaja watu wanakaa sawa. Weruweru lilikuwa jina la mto wa kufulia. Halafu akaja Mama Maria Kamm kuwa mkuu wa shule, akakaa miaka mingi, wasichana wakalima, wakafuga, wakasoma. Ikafika mahali jina la mto ndilo likawa la heshima. Nchi nzima ukisema Weruweru unamaanisha mwanamke anayejua kazi. Mimi nimekua nikisikia "wewe ungesoma Weruweru usingeosha vyombo hivyo."

Kwa hiyo ndugu yangu, jina la kishamba huwa linaacha kuwa la kishamba pale shule inapofanya kazi. Hao wa kilima cha kijani wanataka kuruka hatua.

---

Dawa Chungu

Hilo la mto nalipokea. La vyombo limenigusa zaidi.

---

Mwalimu wa Zamu

Naingia kikazi maana ndiyo mkate wangu.

Wazazi hawajui kubadili jina la shule ni gharama gani. Kibao ni kidogo. Kuna mihuri, kuna sweta zilizoshonwa nembo, kuna akaunti ya benki, kuna usajili, na kwa sekondari kuna vyeti. Mtu aliyemaliza zamani ana cheti cha jina ambalo halipo tena, anaenda kuomba kazi anaulizwa shule hii iko wapi, anaanza kueleza ukoo mzima. Nimewahi kuandika barua za namna hiyo mpaka mkono umechoka.

Lakini nilitaka kusema la shule za kata, maana hapo ndipo wengi wetu tupo, sio Ilboru wala Old Moshi. Ulipokuja MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanzia 2004, kila kata iliambiwa ijenge sekondari. Watu walichanga matofali, mchanga, nguvukazi, na shule nyingi zikapewa jina la kata hivi hivi, bila kuwaza. Baadaye kata zikagawanywa. Sasa nina shule nimefundisha, jina lake ni la kata ya jirani, na kata iliyopo haina shule yenye jina lake. Madiwani wawili hawasalimiani vizuri kwa sababu hiyo. Mgeni anafika anaulizia njia, anapelekwa kata nyingine kabisa. Ukisikia jina na mahali vimepishana kilomita saba, jua hapo kuna mpaka mpya ulichorwa ofisini.

Na hili ni la pembeni: watoto wenyewe wana majina yao. Shule ya msingi ya serikali ni "Saint Kayumba". Walitania hizo shule za binafsi zote zinazoanza na mtakatifu, wakajitengenezea mtakatifu wao. Hilo halimo kwenye usajili wowote na linajulikana kuliko majina yote ya usajili. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo historia ya elimu ya miaka hii kwa maneno mawili.

---

Kahawa Mbichi

Saint Kayumba utuombee.

Mwalimu umenikumbusha. International School Moshi ilianza 1969, enzi KCMC inajengwa, wageni wa hospitali walihitaji pa kusomesha watoto. Mwaka 2019 ikawa UWC East Africa. Sina ugomvi nao, walikuwa na tawi Arusha pia, na wamejiunga na mtandao wa shule za dunia nzima. Lakini jina la Moshi limetoka, limeingia la ukanda mzima. Nikaona kama garimoshi la 1911 limerudi tena, safari hii limebeba kwenda mbali zaidi.

---

Kihamba cha Babu

Wanangu nimesoma yote. Mimi ni wa umri wa kuvaa miwani miwili.

Mnazungumzia majina ya kuonea haya. Chama chetu cha kahawa, KNCU, yaani Kilimanjaro Native Cooperative Union, kimesajiliwa mwaka 1933, na herufi ya pili mpaka leo ni Native. Neno ambalo Mwingereza alilitumia kutuweka sisi upande wetu. Uhuru ulikuja, Azimio likaja, vyama vya ushirika vikafutwa 1976 vikarudishwa baadaye, neno liko pale pale. Wapo vijana waliotaka litolewe. Wazee walisema hapana, hilo neno ndilo lililokuwa kwenye kibao wakati tunauza kahawa yetu wenyewe, na kwa fedha ya kahawa hiyo tukajenga shule mlimani huku wakati wengine wanasubiri. Neno la dharau likalipiwa ada.

Mimi nimesoma shule iliyojengwa kwa kahawa. Haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa na jina la kijiji, na kila mzazi alijua magunia yake yako kwenye ukuta upi.

Ndiyo maana shule yenye jina la mwanasiasa aliye hai inanipa wasiwasi kidogo. Ya Sokoine kule Monduli sawa, alikufa 1984, alikuwa mtoto wa pale pale, na wamemwita hadi jina la nyumbani, Moringe. Hapo jina limerudi kwao. Lakini aliye hai bado ana muda wa kuharibu.

---

chalii ya Sakina

Mzee "bado ana muda wa kuharibu" naiweka kwenye status sasa hivi.

---

Mwana wa Themi

Asanteni wakuu, mmenipa zaidi ya nilichokuja nacho. Nijibu machache.

Dawa Chungu, la Kaiser nimelifikiria jana usiku kucha. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kaiser alibandikwa juu ya kitu kilichokuwa na jina. Wachaga walikuwa na Kibo yao na Mawenzi yao kabla Meyer hajanunua viatu. Walipombandua Kaiser, Kibo ilikuwa bado iko chini yake inapumua. Hizo za Azimio na Mwenge naungana na wewe, zingine zilifunika vijito, na hatukuuliza. Lakini nazo sasa zina miaka hamsini na zaidi, zimekuwa za mahali. Leo mtu akitaka kuifuta Azimio pale Arusha nitakuwa mstari wa mbele kuitetea.

La dawati sina jibu. Ni kweli.

Jana jioni nikafanya ambacho ningefanya kabla ya kufungua uzi. Nikaenda kwa koko, yaani bibi, mmoja jirani na shule, Mwarusha, umri wake hata yeye ameacha kuuhesabu. Nikamuuliza hicho kijito kilikuwaje. Akanionyesha kwa fimbo kilipopita: katikati ya darasa la sita, chini ya choo cha walimu, kikatokea kwenye gereji ya bodaboda. Ndiyo maana darasa la sita huwa linatoa unyevu kila masika na kamati ya ujenzi imepaka saruji mara tatu. Hakuna aliyemuuliza koko. Jina liko kwenye kibao miaka yote linasema hapa pana maji, sisi tunatafuta fundi.

Nikamweleza habari ya jina jipya. Akauliza kilima kiko wapi.

Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, mchango wa uji elfu mbili. Nimemwomba koko aje, amekubali, ila anataka atafutiwe bodaboda isiyokimbia.